Kijiti cha Gari la Mwisho

Kambini, 4 Februari

Kwako Dada,

Salamu nyingi kama kokoto, na huku kokoto hazihesabiki. Mimi mzima kama chuma cha reli, hofu yangu ni kwenu tu. Mpwa wangu Pengo ameota jino hata moja, au bado anaitia aibu nyumba ya fundi wa meno? Mwambie mjomba wake anashangaa: mama yako anatengenezea watu wazima meno ya kujaza ndoo, wewe umeshindwa kumwomba mawili? Mama naye mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na zako akaona nimembania.

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye lami ya moto wiki ya kwanza, haikupiga hata kelele. Hata ingepona, huku mtandao haujafika, labda tuujengee barabara kwanza. Basi Dereva wa Mafuta, anayetuletea dizeli kila wiki mbili, ndiye posta yangu. Za kwenda anazitia sandukuni mjini, za kuja anazileta na harufu.

Sasa kaa chini nikupe habari. Nimepewa greda! Ndiyo, mimi, Domo wako, yule ambaye mwalimu alisema hataweza kuongoza hata toroli. Nikipita, mlima unaniamkia shikamoo. Msimamizi ananiita "mtaalamu" mbele za watu.

Wengine hawana bahati hiyo. Barabara imefungwa upande mmoja, kilomita tatu nzima, magari yanapita kwa zamu. Mwisho wa huku anasimama kijana mmoja na kibao: upande mmoja kimeandikwa SIMAMA, ukikigeuza kimeandikwa PITA. Mwisho wa kule yuko mwenzake, anaitwa Wa Kule basi. Hawaonani, kuna kilima katikati. Watajuaje njia iko wazi? Gari la mwisho linapewa kijiti chenye kitambaa chekundu. Likifika kule, dereva anakitoa dirishani, na Wa Kule anajua hakuna gari jingine nyuma, zamu ni yake. Asiye na kijiti hageuzi kibao. Kutwa nzima ni hivyo. Masikini yule kijana! Kila anayemwona ana anakokwenda. Nikipita na greda langu humpungia mkono, nimtie moyo.

Ahadi yangu naikumbuka: Pengo akianza kutembea narudi, nikae naye mchana, wewe urudi kazini kutwa. Domo akisema amesema.

Mimi mdogo wako,
Mtaalamu

*

Nyumbani, 27 Februari

Mdogo wangu Domo,

Barua yako imefika inanuka dizeli mpaka paka akaikimbia. Tumeisoma mara mbili, mara ya pili Mama ndiye aliyeomba. Sisi wazima. Pengo ameota mawili, ya chini, na cha kwanza kuyajaribia kilikuwa kidole changu. Jina hatubadilishi, limeshamkaa. Baba yake, yule bwana tusiyemtaja, naye nadhani hajambo, sijamuuliza.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama ulivaa sweta ulipotoka, maana asubuhi shuleni kuna baridi.

Kazi ni ileile nusu niliyorudi nayo baada ya uzazi. Naingia saa mbili, natoka saa sita. Nakaa kwenye meza yangu ya zamani pale dirishani, nina taa yangu ndogo ya spiriti, kisu cha nta na trei ya meno. Napanga meno kwenye nta moja moja, yakikaa sawa nayapeleka kwa fundi wa plasta ayatolee kalibu. Saa sita anaingia Wa Mchana, ndiye mwenye nusu nyingine ya siku. Tunapishana dakika tano. Yeye anafunga aproni, mimi navua. Anakaa kwenye kiti kikiwa bado na joto langu. Asubuhi nakuta mto wake wa bluu kitini na kikaratasi kwenye droo: "Huyu mama wa taya dogo, nimeishia jino la nne." Namjibu kwenye kikaratasi hichohicho. Mwezi wa tisa huu tunakalia kiti kimoja, na sijui hata anaishi wapi.

Saa sita ndiyo saa ya chai pale. Birika linapowekwa mezani, mimi naning'iniza aproni. Zamani walikuwa wakiuliza, "Hata kikombe kimoja?" Siku hizi hawaulizi, wamezoea mgongo wangu.

Nyumbani jirani yetu mshonaji hukaa na Mama na Pengo asubuhi. Saa sita na nusu anakwenda kufungua kibanda chake, kwa hiyo natembea haraka.

Msalimie kijana wa kibao. Mwambie avae kofia.

Dada yako

*

Kambini, 15 Machi

Kwako Dada mwenye nyumba ya meno mawili,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake iwe ndefu kidogo. Mwambie shule nilishaimaliza. Au tuseme kweli, yenyewe ndiyo iliyonimaliza, kidato cha pili, muhula wa kwanza, siku ya hesabu. Sweta la nini? Huku jua linakaanga mayai juu ya boneti.

Halafu wewe, jirani anakaa na Mama ya nini? Mama aliyetulea sisi wawili bila mtu wa kumshikia hata ufagio, leo ameletewa yaya? Amekuwa mtoto? Mshonaji asije akawa anatafuta chai ya bure tu, mimi namjua.

Greda linaendelea vizuri. Jana nimesawazisha kilima kizima kabla ya uji. Msimamizi alipita akavua kofia.

Yule kijana wa kibao umemsalimia, basi nikupe kituko chake. Aliona siku ni ndefu, akachukua kisu akachora jicho kwenye kijiti, kisha akakipa gari la mwisho kama kawaida. Zamu iliyofuata kijiti kikarudi na jicho la pili! Wa Kule amejibu. Kijana akachora pua. Siku tatu hakuna kitu, kisha kikarudi na masikio, moja kubwa kuliko jingine. Sasa kina uso mzima isipokuwa mdomo. Kila mmoja anamngoja mwenzake auchore. Watu wazima hao, Dada! Lakini ukimwona anavyokigeuzageuza dirisha la gari likifunguliwa, utafikiri amepokea telegramu.

Madereva nao wanaongea naye nusu dakika tu. "Bado?" "Bado kidogo." "Umekula?" "Nimekula." Basi, gari limekwenda. Kuna mwanamke mmoja alimwachia chungwa. Alilihifadhi siku mbili ndipo akalila.

Kofia anayo.

Mtaalamu wa Greda

*

Nyumbani, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Pengo anasimama kwa kushika ukuta, akianguka anamtazama Mama kwanza aone kama inafaa kulia. Mama anakusalimu. Amefungua sanduku akalitoa lile sweta lako la kijani la shule, amelifua na kulianika. Anasema kiwiko kimetoboka, atakishona kabla hujarudi.

Kazini kumetokea jambo. Kuna mzee mmoja, seremala mstaafu, tulimtengenezea meno ya juu na ya chini. Wiki iliyopita alirudi, akayatoa mdomoni, akayaweka juu ya meza ya Mkuu wa karakana kama mtu anayerudisha viatu. Akasema, "Bwana mkubwa, haya ya juu yanacheka, haya ya chini yamenuna. Mke wangu anauliza amsikilize nani."

Karakana nzima iliangua kicheko, nami nilikuwemo, mpaka nilipoyatazama. Ya juu niliyapanga mimi asubuhi. Ya chini aliyapanga Wa Mchana. Mkono wangu huyainua meno pembeni, mkono wake huyalaza. Kila mtu amefanya kazi safi, ila si kazi ya mdomo mmoja.

Mkuu hakucheka. Alituita kwa zamu, mimi kabla ya saa sita, yeye baada yake, hata kwa hilo hatukukaa pamoja. Aliniambia, "Kuanzia tarehe mosi Julai meza hii inakaliwa na mtu mmoja, kutwa, saa mbili mpaka saa kumi na moja. Wewe ndiye mwenye meza, kwa hiyo ninakuuliza wewe kwanza. Ukitaka kurudi kutwa, niletee karatasi uliyosaini kabla ya tarehe thelathini Juni kwisha. Usipoleta nampa mwenzako, na mimi sina nusu nyingine ya kukupa."

Kwa hiyo ni kutwa, au hapana kabisa. Kazi hii nimeisomea, Domo, ndiyo pekee ninayoijua. Lakini mchana wa nyumbani hauna mtu.

Ulisema Pengo akianza kutembea. Sikukumbushi. Nasema tu kwamba ulisema.

Msalimie sana kijana wa kibao. Mwambie barua zake nazisubiri, yaani habari zake.

Dada yako

*

Kambini, 2 Mei

Kwako Dada,

Salamu, salamu, na tena salamu. Mimi mzima. Kama hukuniona kwenye ndoto jua nilikuwa kazini.

Hiyo ya seremala nimeisimulia kambi nzima, watu wamelia machozi. Mpishi anasema yeye angeyaacha hivyohivyo, ya juu ayavae arusini, ya chini msibani.

Sasa hilo la Juni. Dada, ningekuwa mtu wa kawaida ningekuja kesho. Lakini mtu wa greda si mtu wa kuondoka hivihivi. Nikiondoka, barabara inasimama, Msimamizi atakunywa sumu. Na mimi nilipoondoka niliwaambia watu pale mtaani, mbele ya kinyozi na kila mtu, kwamba nitarudi na leseni ya mitambo na viatu vya ngozi. Leseni inakuja. Desemba, bila shaka yoyote. Mwaka huu huu.

Kwa sasa Mama si yupo? Mwachie Mama mchana. Ana mikono miwili, na Pengo ni mmoja. Saini karatasi, rudi kutwa, tatizo limekwisha. Unaona nilivyo na akili? Shule ilinipoteza bure.

Nikuchekeshe. Juzi kijiti kilipotea. Gari dogo jeupe lilikuwa la mwisho, ndani mna mtu na mkewe wanagombana, kijana wa kibao akakipitisha dirishani, mume akakipokea bila kutazama. Walipofika kule bado wanagombana, wakampita Wa Kule moja kwa moja, kijiti nacho kikaenda. Sasa tazama! Wa huku anajua amekwisha kukitoa, anangoja kirudi. Wa kule hajakipata, anangoja kifike. Saa nzima na robo, mpaka Msimamizi alipokuja mwenyewe! Foleni huku, foleni kule, honi, matusi, na barabara katikati ni tupu, kilomita tatu, unaweza kulala. Kila mmoja amesimama na kibao chake, na hakuna wa kuvuka kilima kumwuliza mwenzake, maana atakayeondoka mahali pake atafukuzwa.

Kesho yake kijiti kikarudi. Mke ndiye aliyekileta, peke yake kwenye gari.

Uso uko vilevile, hauna mdomo.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 25 Mei

Domo,

Leo salamu zitangoja.

Alhamisi nilichelewa kutoka kazini dakika ishirini, plasta ilipasuka ikabidi tumwage nyingine. Mshonaji alikuwa ameshakwenda zake. Nikamkuta Mama amekaa mlangoni, ametulia, ameikunja mikono. Nikauliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Akasema, "Mdogo wako nimeshampeleka shule."

Nilikimbia na aproni ya kazi. Pengo alikuwa kwa mlinzi wa getini, amekaa juu ya meza ya daftari la wageni, anakula kalamu. Amevalishwa sweta lako la kijani, mikono imekunjwa mara tano, linamfika miguuni. Mlinzi ni yuleyule aliyekuwa akikufungia geti ukichelewa. Akaniambia, "Bibi alikuja, akanikabidhi, akasema, huyu ni mtoro, msimwachie atoke mpaka kengele." Halafu akatazama pembeni, ili nisimwone anavyonionea huruma.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Alianza na funguo ungali hapa, tukacheka wote, kisha ulipoondoka yakaja majina. Yale maswali ya sweta hayakuwa utani wa Mama. Ningekwambiaje? Kila nikianza kuandika naona unacheka huko, naandika jingine. Ukaniuliza kama Mama amekuwa mtoto, nikaikunja ile barua nikaiweka chini ya godoro.

Na mimi nina jambo lako. Dereva wa Mafuta alikuja karakanani mwezi wa tatu kuwekewa jino la mbele. Kusikia sauti yangu akasema, "Kumbe wewe ndiye dada yake yule kijana wa kibao! Mnaongea sawasawa." Nimejua tangu siku hiyo. Sikukasirika. Zile za greda nilikuwa nikizipitia haraka nifike kwa kijana wa kibao.

Sasa nakuomba, na mimi sijui kuomba, unanijua. Njoo. Usingoje leseni, usingoje viatu. Tarehe thelathini Juni ndiyo mwisho wangu, na mchana wa tarehe mosi Julai nataka mtu wa damu yangu awe nyumbani. Sina mwingine wa kumwambia.

Dereva yuko hapa, jino lake limelegea amekuja likazwe. Nampa barua hii mkononi, kesho anakuja huko.

Dada yako

*

Kambini, 14 Juni

Kwako Dada,

Hamjambo huko? Hii ni ya pili naandika bila kujibiwa, ya kwanza niliichana. Lori la mafuta halijafika wiki ya tatu leo, wanasema limekufa njiani limevutwa gereji. Tunaletewa dizeli kwa mapipa na watu wasiojua kusoma anwani. Hii nimempa kondakta wa basi, alisimamishwa hapa dakika kumi, nikamwonea huruma nikampa kazi.

Umekasirika? Sema tu. Ukinuna kama yale meno ya chini mimi huku sioni, nitajuaje?

Neno langu ni moja, Desemba. Usinitazame vibaya. Mtu akirudi alivyoondoka, kwa nini aliondoka? Mkono mtupu haulambwi, Mama mwenyewe alitufundisha. Nikifika na leseni utanipeleka wewe mwenyewe kwa kinyozi unitembeze.

Mvua imenyesha siku nne. Magari ni machache. Wa Kule hachori tena, kijiti kinakuja kimelowa, na uso uleule. Jana yule kijana alimwuliza dereva mmoja, "Wa Kule anafananaje?" Dereva akasema, "Amevaa koti la mvua. Mtu tu." Basi.

Mama anaendeleaje? Barua ya mwisho imesema amelifua sweta la shule. Nimeona hiyo. Usidhani sisomi.

Mdogo wako
(greda liko zima)

*

Nyumbani, 22 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Hatujambo. Pengo anatembea. Alianza Jumatano, hatua nne kutoka kwa mshonaji mpaka kwangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Nimepata yako ya tarehe kumi na nne. Nilikuomba, umejibu Desemba. Hakuna ugomvi.

Jana nimesaini karatasi. Kutwa. Mkuu aliuliza, "Nyumbani umeshapanga?" Nikasema, "Nimepanga." Ulimi haukuteleza hata kidogo, ungejivunia. Nimemwomba mshonaji ajaribu hata saa mbili za mchana, anasema kibanda ndicho kinachomlisha, na ni kweli. Sijui itakuwaje. Nimesaini hivyohivyo, kwa sababu nikikosa meza hii nitakaa nyumbani kutwa na mlango umefungwa kwa ndani, na sitakuwa na kikaratasi hata kimoja cha kujibu.

Wa Mchana ameambiwa. Leo asubuhi nimekuta amekuja kabla yangu akachukua mto wake. Kwenye droo hakuacha neno. Kiti ni kigumu, sikuwahi kujua.

Lori limetengenezwa, naipeleka hii depoti mwenyewe.

Lisalimie greda lako.

Dada

*

Njiani, 29 Juni

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Mwandiko unarukaruka, nipo juu ya lori la mafuta na barabara hii, nakwambia kama mtaalamu, imesawazishwa na mbuzi.

Jana Dereva alifika akanitupia bahasha mbili pamoja. Ya Mei ililala mwezi mzima gereji, kwenye kisanduku chini ya usukani, pamoja na bisibisi. Ya juu ilikuwa ya tarehe ishirini na mbili, nikaisoma kwanza. Nikacheka nikisema, huyu naye, analisalimia greda kwa nini? Kisha nikafungua ya Mei.

Dada, ile Desemba sikukujibu wewe. Sikuwa na barua yako. Nilikuwa najiongelea mwenyewe, na kondakta alikuwa ananiharakisha.

Sijawahi kuendesha greda. Nilikaa juu yake mara moja, Jumapili, limezimwa, Msimamizi akanishusha kama kuku. Mimi ndimi wa kibao tangu siku ya kwanza. Lile chungwa nililila mimi. Ulijua tangu Machi ukaendelea kumtumia salamu yule kijana, na mimi nikaendelea kumfikishia. Wapumbavu wawili, baba mmoja mama mmoja.

Nilikwenda kwa Msimamizi nikamwambia naondoka. Akasema, "Kesho?" Nikasema kesho. Akasema, "Sawa, kibao kitashikwa na pipa mpaka nipate mtu." Miezi mitano, Dada, na nafasi yangu inatosha pipa.

Asubuhi hii lori ndilo lilikuwa gari la mwisho. Msimamizi mwenyewe akampa Dereva kijiti, naye akanipa mimi, ana usukani. Kilomita tatu, kasi ya kobe. Nikatoa kisu. Nimeuchora mdomo, umecheka, na pengo moja katikati, unajua kwa nini.

Tukavuka kilima. Wa Kule si kijana mwenzangu hata kidogo. Ni mzee mwenye mvi, mwembamba, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Nikampa kijiti dirishani mwenyewe. Akakitazama. Akanitazama. Nilitaka kusema mambo mengi, mimi, Domo, nikasema "Bado?" Akasema, "Bado kidogo." Kisha akacheka, na ndipo nikaelewa kwa nini hakutaka kuchora mdomo: meno yote ya mbele hana. Nimemwelekeza kwenye karakana yenu. Akija, mpange wewe, juu na chini.

Halafu nyuma wakapiga honi.

Sina leseni. Viatu ni vilevile nilivyoondoka navyo, na kimoja kimekula lami. Kwa kinyozi nitapita haraka, au sitapita. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini nimekaa nikawaza tangu kilima kile, sijui mtoto anabebwa na mikono gani mingine.

Dereva anasema tutaingia tarehe mosi asubuhi, utakuwa umeshakwenda kazini. Atanishusha nyumbani kwanza, halafu atapita karakanani, jino linamcheza tena, atakupa barua hii. Ukiisoma nitakuwa nimeshakaa pale mlangoni. Mshonaji akafungue kibanda chake. Pengo akinilia nitamwonyesha mbwembwe za kibao, SIMAMA, PITA, ajifunzie kutembea.

Mama asiponijua usimwambie mimi ni nani, tutajuana taratibu. Akiniletea lile sweta nitalivaa. Hata likinibana makwapa, nitalivaa, nitamwambia nimeshatoka shule.

Wewe saa sita ikifika usivue aproni. Wakiweka birika, kaa.

Mdogo wako,
wa kibao